Nimeongeza sehemu moja tu kwenye struct, mbona programu za zamani zinaanguka?

Swali: Natunza maktaba ndogo ya C, libpima, inayosoma vipimo vya vihisi vya joto. Programu kadhaa za watu wengine zinaitumia kwenye Linux ya biti 64. Katika toleo 1.4.2 niliongeza sehemu moja, `wakati`, ndani ya struct ya kipimo. Maktaba imebaki na jina lile lile, libpima.so.1. Programu ambazo hazikukompailiwa upya zinaonyesha joto 0.00, kisha zinaanguka kwa "Segmentation fault". Zikikompailiwa upya bila kubadilisha hata herufi moja, zinafanya kazi. Kosa liko wapi, na nitaiendelezaje maktaba bila kumlazimisha kila mtu akompaili upya kila ninapotoa toleo?

Jibu: Ile 0.00 na kule kuanguka ni kosa moja, na linafuatika baiti kwa baiti. Tuanze na muundo (struct) ulivyokuwa kabla ya 1.4.2:

```
struct pima_kipimo {
    int     namba;
    double  thamani;
    char   *kizio;
};
```

Kwenye Linux ya x86-64, `int` ni baiti 4. Aina ya `double` na pointa ni baiti 8 kila moja, na lazima zianzie mahali panapogawanyika kwa 8. Kwa hiyo `namba` inakaa baiti 0 hadi 3, baiti 4 hadi 7 zinabaki pengo, `thamani` inaanzia baiti ya 8, `kizio` ya 16, na muundo mzima una baiti 24. Mtu alipokompaili programu yake kwa heda yako (faili la `.h`) ya 1.4.0, kompaila haikuondoka na jina `thamani`. Iliondoka na hesabu: soma baiti 8 kuanzia ya 8. Iliondoka pia na ile 24, kwa sababu mwenye programu alitangaza `struct pima_kipimo k;` ndani ya fanksheni yake na kompaila ikamtengea baiti 24 kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni). Hesabu hizo zimo ndani ya faili lake la mashine. Ukibadilisha maktaba, zenyewe zinabaki vile vile.

Wewe ukaingiza `long wakati;` baada ya `namba`. Sasa `wakati` iko baiti ya 8, `thamani` ya 16, `kizio` ya 24, jumla 32. Programu ya zamani inaita `pima_soma(kf, &k)`, maktaba mpya inamwaga baiti 32 kwenye chombo cha 24. Programu inarudi kusoma joto kwenye baiti ya 8, na hapo sasa pana sekunde za saa ya Unix, tuseme 1700000000. Biti hizo zikisomwa kama `double` zinatoa takriban 8.4 × 10⁻³¹⁵, ambayo `%.2f` inaiandika 0.00. Kisha inasoma `kizio` kwenye baiti ya 16, palipohamia `thamani`. Joto likiwa 21.5, biti zake ni 0x4035800000000000, na programu inazichukua kama anwani ya maandishi. Prosesa ya x86-64 inadai biti za juu kabisa za anwani zifanane zote. Hizi hazifanani, basi kernel inaiua programu. (Joto lingekuwa 0.0 kamili, pointa ingekuwa NULL, na `printf` ya glibc (maktaba ya C ya Linux) huenda ingeandika "(null)" na kuendelea kana kwamba hakuna lolote. Afadhali ilivyoanguka.)

Zile baiti 8 zilizomwagika nje hazikupotea. Zimeandikwa juu ya kigeu jirani, au rejista iliyohifadhiwa, au anwani ya kurudi. Programu iliyokompailiwa kwa `-fstack-protector-strong` huenda ikajikamata na kulalamika "stack smashing detected". Nyingine itaendelea kutembea na data iliyoharibika hadi ianguke mahali pasipohusiana kabisa na maktaba yako, na mwenyewe atatafuta kosa kwenye msimbo wake wiki nzima.

Wengi wakifika hapa husema: basi ningeiweka mwishoni. Ukiiweka mwishoni, umbali wa sehemu za mwanzo haubadiliki, kwa hiyo joto litasomeka sawasawa, lakini muundo bado ni baiti 32 na mwito bado unamwaga 8 nje. Kama mtumiaji ana safu ya vipimo 100, ndiyo hali inazidi: programu yake inaruka hatua za 24, maktaba hatua za 32, na kuanzia kipimo cha pili kila mmoja anaangalia pake.

Lipo lile pengo la baiti 4 kati ya `namba` na `thamani`. `int hali;` ingeingia humo bila kubadilisha ukubwa wala umbali wowote. Ni kweli, ila kwa masharti mawili. Kwanza, maktaba iwe inaiandika tu, isiisome kutoka kwenye muundo uliotengenezwa na mtumiaji, kwa sababu programu ya zamani haikuwahi kuweka kitu humo na utakachokuta ni takataka za steki. Pili, pengo lenyewe liwepo kweli. Kwenye Linux ya x86 ya biti 32, `double` ndani ya muundo huridhika na mahali panapogawanyika kwa 4; pengo halipo, na `int` yako mpya itasukuma kila kitu. Mimi mbinu hii naitumia nikiwa nimebanwa sana tu, na baada ya kuangalia kwa `pahole -C pima_kipimo libpima.so.1.4.2` kwenye kila aina ya mashine ninayoihudumia. Chombo hicho huchora muundo wote na kutaja mapengo, mradi maktaba imekompailiwa kwa `-g`.

La kufanya na 1.4.2. Sasa una mipangilio miwili tofauti inayojiita libpima.so.1. Wapo waliokompaili kwa 1.4.0 na wapo waliokompaili kwa 1.4.2, na hakuna faili moja litakaloridhisha pande zote. Kama toleo limetoka siku chache tu zilizopita na halijaingia kwenye vifurushi vya Debian, Fedora au wengine, rudisha muundo wa zamani katika 1.4.3, tangaza wazi kwamba 1.4.2 imeondolewa, na ulete `wakati` kwa njia nyingine nitakayoeleza. Wachache waliowahi watakompaili upya. Kama limeshaenea, kubali kuvunjika na ubadilishe jina la ndani: toleo lijalo liwe libpima.so.2.

Jina la ndani ndilo linaloandikwa kwenye sehemu ya SONAME ya faili, na halihusiani na namba ya toleo unayotangaza. Unaliweka wakati wa kulinki:

```
gcc -shared -fPIC -Wl,-soname,libpima.so.2 \
    -o libpima.so.2.0.0 pima.c
```

Linka (chombo kinachounganisha programu na maktaba) inapotengeneza programu, inasoma SONAME ya maktaba na kuinakili kwenye programu kama NEEDED. Angalia mwenyewe kwa `readelf -d`, upande wa maktaba na upande wa programu. Wakati wa kuanza, kipakiaji (kinachoingiza maktaba kwenye kumbukumbu) kinatafuta faili lenye jina hilo hilo tu. Kwa hiyo programu ya zamani inayotaka libpima.so.1 haitaguswa na libpima.so.2, yote mawili yanakaa kwenye saraka moja. Kiungo `libpima.so` kisicho na namba ni cha wanaokompaili, na huwekwa kwenye kifurushi cha maendeleo pekee. Kiungo cha `libpima.so.2` hutengenezwa na `ldconfig`.

Usiipandishe SONAME kwa kila toleo ili uwe salama. Ukifanya hivyo unawalazimisha wote kukompaili upya kila mara, yaani kile kile ulichotaka kukiepuka. Hupanda pale tu uoanifu unapovunjika. glibc imebaki libc.so.6 tangu 1997 na imeongeza maelfu ya majina ndani yake. Kama unatumia libtool (zana ya kujengea maktaba), zile namba tatu za `-version-info` (ya sasa, ya marekebisho, ya umri) zina kanuni zake: umeongeza fanksheni, ya sasa na umri zote zinapanda moja na marekebisho yanarudi 0, umeondoa au kubadilisha kitu, ya sasa inapanda na umri unarudi 0. Kwenye Linux, namba ya SONAME ni ya sasa kutoa umri. Kosa la kawaida ni kuandika pale namba ya toleo, 1:4:2, ambayo libtool itaikataa, maana kwake ile 2 ya mwisho ni umri, na umri hauruhusiwi kuzidi namba ya sasa, ambayo hapa ni 1.

Funga muundo. Tiba ya kudumu ni kuutoa muundo kwenye heda. Kila kilichomo kwenye heda ni kitu ambacho programu za wengine zinaweza kukifanyia hesabu. Kilichobaki ndani ya faili la `.c` ni chako, kibadilishe upendavyo.

```
typedef struct pima_kipimo pima_kipimo;

pima_kipimo *pima_kipimo_unda(void);
int     pima_soma(pima_kifaa *kf, pima_kipimo *kp);
double  pima_kipimo_thamani(const pima_kipimo *kp);
void    pima_kipimo_futa(pima_kipimo *kp);
```

Mtumiaji hajui ukubwa, kwa hiyo hawezi kutangaza muundo kwenye steki wala kuchungulia ndani. Siku ukitaka `wakati`, unaongeza `int64_t pima_kipimo_wakati(const pima_kipimo *kp);` na hakuna programu ya zamani itakayohisi. OpenSSL ilifanya hivi katika 1.1.0, mwaka 2016: miundo mingi iliyokuwa wazi ikafichwa, programu nyingi zikalazimika kurekebishwa mara moja, na baada ya hapo ndani pakawa huru kubadilika. Nawe utalipa gharama hiyo mara moja, kwa hiyo ifanye pamoja na kupanda kwa libpima.so.2, usiisubirishe hadi 3.

Kumbuka kuweka `pima_kipimo_futa`. Kumbukumbu iliyotengwa na maktaba iachiliwe na maktaba; usimwambie mtumiaji aite `free` mwenyewe. Kwenye Linux utaponea kwa kuwa mchakato mzima kwa kawaida hutumia glibc moja, lakini kwenye Windows DLL na programu zinaweza kuwa na maktaba mbili tofauti za C, kila moja na lundo lake la kumbukumbu, na kuachilia kwa jirani kunaangusha programu.

Watakulalamikia kuhusu kasi: mwito wa fanksheni kwa kila thamani. Kwa vipimo kumi kwa sekunde gharama hiyo haionekani. Kama mtu anasoma milioni kwa mkupuo, mpe fanksheni moja inayojaza safu yake ya `double`. Muundo usirudi wazi kwa sababu hiyo.

Pale ambapo lazima mtumiaji ajaze muundo mwenyewe, mfano mipangilio ya kufungulia kifaa, weka ukubwa kama sehemu ya kwanza. Mtumiaji anaandika `m.ukubwa = sizeof m`, nayo maktaba inajua anazungumza kwa heda ya lini. Ukikuta ukubwa mdogo kuliko wako, nakili hicho kiasi tu na sehemu zilizobaki zipe thamani ya kawaida. Ukikuta mkubwa kuliko wako, hakikisha baiti za ziada zote ni 0, vinginevyo kataa, kwa sababu mtumiaji anaomba jambo usilolijua. Kernel ya Linux inafanya hivyo kwenye `openat2` na `clone3`, ambako ukubwa hupitishwa kama hoja ya pembeni.

Mabadiliko yasiyopiga kelele. Ukiondoa fanksheni, angalau kipakiaji kitalalamika. Hatari zaidi ni mabadiliko ambayo jina linabaki na maana inahama. C haiandiki aina za hoja kwenye jina. Jina `pima_soma` ni `pima_soma` hata ukibadilisha kila kitu ndani ya mabano.

Chukua hili, ambalo hata mkaguzi makini hulipitisha. Ulikuwa na `int pima_iko_tayari(pima_kifaa *)` inayorudisha 0 au 1, ukaona ni usafi kuifanya `bool`. Kwenye x86-64, fanksheni inayorudisha `bool` inawajibika kwa biti 8 za chini tu za rejista ya jibu; zilizo juu yake zinaweza kuwa na chochote kilichobaki humo. Programu ya zamani ilikompailiwa ikitarajia `int`, kwa hiyo inapima biti 32. Maktaba inasema hapana, biti 8 za chini ni 0, lakini mabaki ya juu si 0, na programu inasikia ndiyo. Litatokea au halitatokea kutegemea kompaila ilivyoamua siku hiyo, na `-O0` huenda ikaficha kila kitu. Kupanua hoja kutoka `int` kwenda `long` kuna ugonjwa wa jamaa hiyo hiyo: mwitaji wa zamani hakuahidi kitu kuhusu biti 32 za juu.

Makro na fanksheni za `static inline` zilizomo kwenye heda zimeshanakiliwa ndani ya programu za watu. Ukirekebisha hitilafu kwenye `inline`, programu za zamani zitaendelea nayo hadi zikompailiwe upya. Na kama `inline` ile inagusa sehemu za ndani za muundo, umeufungua tena muundo uliodhani umeufunga. Thamani za enum ni hivyo hivyo: ongeza mwishoni, usiingize katikati, na ujihadhari na ile `PIMA_IDADI` ya mwisho ambayo watu hupenda kuitumia kutengeneza safu.

Vigeu vya nje navishauri visiwepo kabisa. Programu inayokitumia `pima_majina[]` moja kwa moja mara nyingi hutengewa nakala yake ndani ya programu yenyewe, kwa ukubwa uliojulikana siku ya kulinki. Ukiongeza majina mawili kwenye jedwali, kipakiaji kitanong'ona kwamba alama ina ukubwa tofauti na kupendekeza ulinki upya, kisha kitanakili kiasi kinachoenea. Toa fanksheni, `const char *pima_jina(int i)`.

Angalia pia aina za wengine unazozipitisha kwenye heda yako. `time_t` kwenye mashine nyingi za biti 32 ilikuwa ya biti 32, inayojaa tarehe 19 Januari 2038. Debian ilipoipanua mwaka 2024, kila maktaba iliyokuwa na `time_t` kwenye milango yake ilibadilika ABI (makubaliano ya kiwango cha mashine kati ya maktaba na programu) bila mwandishi wake kugusa mstari, na vifurushi vingi vikapewa majina mapya yenye `t64`. Ndiyo maana hapo juu nimeandika `int64_t`.

Majina unayoyatoa nje. Endesha `nm -D --defined-only libpima.so.1.4.2`. Sitashangaa ukikuta fanksheni za ndani ambazo hukukusudia zionekane, kwa sababu kwenye Linux kila kisicho `static` hutoka nje usipokizuia. Kila jina lililo nje ni ahadi, hata kama halimo kwenye heda. Mtu amelitangaza mwenyewe kwake na analitumia. Kompaili kwa `-fvisibility=hidden`, na uziwekee zile za umma `__attribute__((visibility("default")))`. Kufanya hivi kwenye libpima.so.1 kunaweza kuvunja wale waliochungulia. Ni sababu nyingine ya kukifanya pamoja na kupanda kwa 2.

Hatua inayofuata ni kuyapa majina matoleo, kwa faili dogo linalopewa linka kupitia `-Wl,--version-script=pima.map`:

```
PIMA_2.0 {
    global: pima_fungua; pima_soma; pima_funga;
            pima_kipimo_*;
    local:  *;
};
PIMA_2.1 {
    global: pima_soma_safu;
} PIMA_2.0;
```

(Ile nyota ya `pima_kipimo_*` ni uvivu wangu wa kuandika mfano. Kwenye faili la kweli taja jina moja moja, la sivyo fanksheni ya 2.3 itaingia kwenye kundi la 2.0 bila wewe kujua.)

Faida ya kwanza inaonekana mtu akichukua programu iliyokompailiwa kwa 2.1 na kuipeleka kwenye mashine yenye 2.0. Bila matoleo, programu inaanza vizuri, kwa sababu kawaida majina hutafutwa pale yanapoitwa mara ya kwanza, na inakufa katikati ya kazi kwa "undefined symbol". Ikiwa na matoleo inakataa kuanza na kutaja PIMA_2.1 kuwa haipo. Faida ya pili ni kwamba matoleo mawili ya maktaba yakijikuta ndani ya mchakato mmoja, mfano programu inataka .2 na maktaba nyingine inayoitumia inataka .3, majina hayagongani.

Ya tatu ni kwamba unaweza kuwa na `pima_soma` mbili. GCC kuanzia 10 inakubali kuandika `__attribute__((symver("pima_soma@PIMA_2.0")))` kwenye ya zamani na `pima_soma@@PIMA_2.1` kwenye mpya. Alama mbili za @ ndizo za watakaolinki kuanzia leo. Njia ya kale, `.symver` ndani ya asm, huharibika ukiwasha LTO (uboreshaji wa msimbo wakati wa kulinki). glibc iliitumia mbinu hii katika 2.14, mwaka 2011, kwa `memcpy`: programu za zamani za x86-64 zinaomba `memcpy@GLIBC_2.2.5` na kupata ile inayovumilia maeneo yanayopishana, maana baadhi yao zilikuwa zinaitumia vibaya na kunusurika. Mpya zinapata `memcpy@@GLIBC_2.14`. Uoanifu wa kweli unabeba hadi tabia ambazo hukuziahidi.

Lakini usidanganyike kwamba hii ingekuokoa na `wakati`. Toleo linakaa kwenye jina la fanksheni, halikai kwenye data. Programu iliyokompailiwa kwa heda mpya ikimpa pointa ya muundo mwenzake aliyekompailiwa kwa heda ya zamani, hakuna jina linalotafutwa hapo, na tumerudi kwenye baiti 24 na 32.

Ukihamia C++, ongeza tahadhari. Aina za hoja huingia kwenye jina, kwa hiyo kubadilisha hoja huonekana, ila aina ya jibu ya fanksheni ya kawaida haiingii. Kuongeza sehemu ya `private` kunabadilisha ukubwa kama kawaida. Neno `private` ni katazo la kompaila tu. Kuongeza fanksheni ya `virtual` kunabadilisha jedwali ambalo waitaji huliingia kwa namba ya nafasi, na klasi zilizorithi za wengine zinasogezwa. Ficha kila kitu nyuma ya pointa moja ya ndani. Na `std::string` usiipitishe kwenye mlango wa maktaba ukiweza: GCC 5, mwaka 2015, ilibadilisha mpangilio wake, libstdc++ ikalazimika kubeba zote mbili, na hadi leo watu hukutana na majina yenye `__cxx11` yasiyopatikana kwa sababu upande mmoja ulikompailiwa na `_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0`.

Kama unagawa faili lililokwisha kompailiwa, likompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayoihudumia. Programu iliyolinkiwa kwenye glibc 2.34 au mpya zaidi inadai GLIBC_2.34 hata ikiwa ni ya mistari mitatu, kwa sababu `__libc_start_main` ilipewa toleo jipya hapo, na hakuna namna ya kuibembeleza mashine ya zamani.

Kukagua kabla ya kutoa. Usitegemee macho. Kompaili toleo la zamani na jipya, yote kwa `-g`, kisha yalinganishe kwa chombo cha `abidiff`:

```
abidiff --headers-dir1 zamani/include \
        --headers-dir2 mpya/include \
        libpima.so.2.0.0 libpima.so.2.1.0
```

Zile `--headers-dir` zinaondoa kelele za miundo ya ndani. Jibu la kutoka la `abidiff` ni jumla ya biti: 0 hakuna tofauti, 4 kuna mabadiliko ya ABI, na 8 ikiongezeka, yaani 12, kuna uvunjifu wa hakika kama jina lililoondolewa. Hapa ndipo wengi hukosea kwenye mitambo yao ya kujenga: wanazuia 12 na kuachia 4. Kukua kwa muundo kama wako kunaweza kuja na 4, kwa kuwa chombo hakijui kama watumiaji wanautenga wenyewe. Kuongeza fanksheni tu nako ni 4. Tumia `--no-added-syms` ili nyongeza halali zinyamaze, halafu zuia chochote kisicho 0 na mtu asome ripoti. Kwa 1.4.2 ingekuambia wazi kwamba ukubwa umetoka biti 192 kwenda 256 na `thamani` imesogea kutoka 64 hadi 128.

abidiff haioni tabia. Kwa hiyo hifadhi majaribio yako ya 2.0 yakiwa yamekwisha kompailiwa, faili za mashine zenyewe, na kila kabla ya kutoa toleo yaendeshe dhidi ya maktaba mpya kwa `LD_LIBRARY_PATH=mpya LD_BIND_NOW=1 ./majaribio-2.0`. Hiyo `LD_BIND_NOW` inalazimisha majina ya fanksheni yatafutwe mwanzoni, yasisubiri kuitwa. Yakompaili hayo ya zamani kwa `-fstack-protector-strong`, yatangaze kwenye steki kila muundo uliobaki wazi na kuweka safu ya angalau vipimo viwili vya kila aina, kwa sababu kosa lako la hatua za 24 na 32 kwenye safu huonekana kuanzia kipimo cha pili.